Kidhibiti na Mrejesho: Kutoka Boya la Tangi hadi Mitambo ya Mtera

Uwanda wa kati wa Tanzania hupata mvua katika msimu mmoja tu. Katika mji wa Dodoma mvua huanza mwezi wa Desemba hivi na kwisha Aprili, na kwa wastani wa miaka mingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi iliyosalia ni ya kiangazi. Kwa sababu hiyo maisha ya sehemu hizo yametegemea sana ufundi wa kuweka akiba: vihenge vya nafaka, malambo ya mifugo, matangi ya maji, na bwawa kubwa la Mtera katika mto Ruaha Mkuu. Lakini kuweka akiba ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitawala akiba hiyo, yaani kujua wakati wa kufungulia na wakati wa kufunga.

Kazi hiyo ya pili mara nyingi hufanywa na chombo kisicho na akili yoyote. Chombo hicho huitwa kidhibiti. Makala haya yanaeleza kanuni inayokiongoza, sababu zinazoweza kukifanya kiyumbe, na jambo moja ambalo kidhibiti hakiwezi kulifanya hata kingeundwa kwa ustadi wa namna gani.

1. Boya na duara lake

Mfano rahisi wa kidhibiti umo katika matangi mengi ya maji ya shule na majumbani. Ndani ya tangi huelea boya lililofungwa kwenye mkono wa chuma au plastiki. Maji yakishuka, boya hushuka nayo, mkono huinamia chini, na vali ya bomba hufunguka. Maji yakipanda, boya huinuka na vali hujifunga polepole mpaka maji yakome kuingia. Hakuna mtu anayehitaji kusimama hapo.

Katika kazi hiyo ndogo mna mambo manne, nayo yanapatikana katika kila kidhibiti cha aina hii. La kwanza ni lengo, yaani kina cha maji kinachotakiwa. La pili ni kipimo, yaani kina kilichopo sasa, ambacho boya hukionyesha. La tatu ni tofauti kati ya lengo na kipimo. La nne ni kitendo, yaani kufungua au kufunga vali kwa kadiri ya tofauti hiyo. Kitendo hubadili kina cha maji, kina kipya hupimwa tena, na mambo huendelea hivyo bila kukoma. Njia hiyo ni duara: matokeo ya kitendo hurudi na kuwa sababu ya kitendo kinachofuata. Habari hiyo inayorudi ndiyo iitwayo mrejesho.

Ili kuona thamani ya duara hilo, afikiriwe mlinzi aliyeagizwa kufungulia bomba saa mbili kila asubuhi na kulifunga saa nne, asitazame ndani ya tangi hata siku moja. Siku ambayo wanafunzi wametumia maji machache, tangi litafurika. Siku waliyotumia mengi, litakauka. Mlinzi huyo hana kosa katika kufuata saa; kasoro ni kwamba matokeo ya kazi yake hayamrudii. Mfumo wake ni wazi, hali mfumo wa boya umefungwa.

Mrejesho wa boya huitwa mrejesho kinzani, kwa kuwa hupinga badiliko lililotokea: maji yakipungua, wao huongeza; yakizidi, wao hupunguza. Mwili wa binadamu hutumia kanuni hiyo hiyo. Joto la mwili likipanda juu ya kiasi cha nyuzi 37 za Selsiasi, jasho hutoka na kuupoza. Mrejesho unaounga mkono badiliko huleta kinyume chake. Moto wa nyika hukausha majani yaliyo mbele yake, majani makavu huuzidisha moto, na moto ulioongezeka hukausha mengine zaidi. Mrejesho wa namna hiyo hautulizi kitu.

Ufundi wa boya ni wa kale. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, fundi Ktesibios wa Aleksandria, nchini Misri, alitumia boya kuweka sawa mtiririko wa maji katika saa yake ya maji.

2. Hesabu ya boya

Ichukuliwe kuwa lengo katika tangi la shule ni kina cha sentimita 100, na kwamba kila sentimita moja ya upungufu hufungua vali kiasi cha kuingiza lita 2 kwa dakika. Kwa hiyo:

maji yaingiayo (lita kwa dakika) = 2 × tofauti (sentimita)

Ikiwa jikoni na mabwenini hutumika lita 10 kwa dakika mfululizo, kina kitatulia wapi? Kitatulia pale ambapo maji yaingiayo yanalingana na yatokayo. Lita 10 huingia tofauti inapokuwa sentimita 5. Basi kina kitatulia kwenye sentimita 95, wala si 100. Matumizi yakipanda hadi lita 20 kwa dakika, kina kitatulia kwenye sentimita 90.

Hili ni jambo la kuzingatiwa sana. Kidhibiti kinachotenda kwa uwiano wa tofauti hakiwezi kuiondoa tofauti yote, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayoiweka vali wazi. Ikiisha kabisa, vali itafungwa na maji yataanza kupungua tena. Kasoro hiyo na iitwe baki.

Baki hupungua ukali wa kidhibiti ukiongezwa. Kila sentimita ikifungua lita 10 kwa dakika badala ya 2, matumizi ya lita 10 yataacha baki ya sentimita moja tu. Hapo mwanafunzi huweza kuuliza: kwa nini ukali usiongezwe mara mia, na baki likawa kama halipo? Jibu limo katika neno moja, nalo ni kuchelewa.

3. Ubaya wa kuchelewa

Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma kwa miaka mingi imetoka katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Ufikiriwe mfano wa kubuni wa mwendesha pampu aliye visimani, mbali na tangi la mjini. Lengo lake ni kina cha sentimita 100. Kila saa hurekebisha pampu ili kina kibadilike kwa sentimita zilizo sawa na tofauti aliyoarifiwa. Kama habari anayoipata ni ya wakati ule ule na kina ni sentimita 80, ataongeza 20 na baada ya saa moja kazi imekwisha.

Sasa ichukuliwe kuwa habari humfikia ikiwa imechelewa kwa saa moja. Tangi lilikuwa na sentimita 80 kwa muda mrefu, naye anaanza kazi. Kina cha maji kitakwenda hivi:

Saa 0: sentimita 80
Saa 1: sentimita 100
Saa 2: sentimita 120
Saa 3: sentimita 120
Saa 4: sentimita 100
Saa 5: sentimita 80
Saa 6: sentimita 80
Saa 7: sentimita 100

Katika saa ya kwanza tangi limefika penye lengo, lakini habari aliyonayo mwendesha pampu bado inasema 80, naye anaongeza 20 nyingine. Habari ya 120 inapomfikia, maji yameshaanza kushuka, naye anazidi kuyashusha. Mfumo hautatulia kamwe. Utapanda na kushuka kila baada ya saa 6. Mtu yule yule, kwa bidii ile ile iliyofaa bila kuchelewa, sasa ndiye anayeuyumbisha mfumo.

Dawa moja ni kupunguza ukali. Mwendesha pampu akirekebisha robo tu ya tofauti anayoarifiwa, kina kitakuwa 80, 85, 90, 93.75, 96.25, kisha karibu 97.8 na 98.75, kikilikaribia lengo bila kulipita. Kazi ni ya polepole, lakini ni ya uhakika. Haraka haraka haina baraka ni methali. Katika uhandisi wa udhibiti ni hesabu.

4. Mzunguko wa mitambo ya Mtera

Barabara ya kutoka Dodoma kwenda Iringa hupita juu ya ukingo wa bwawa la Mtera, mahali mikoa hiyo miwili inapopakana. Bwawa lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu kilicho chini yake katika mto huo huo, ambacho kilianza kazi mwaka 1975. Mwaka 1988 Mtera nayo ilipata kituo chake, chenye mashine mbili za megawati 40 kila moja. Kidatu ina mashine nne, jumla megawati 204.

Umeme wa gridi ya Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Mizunguko hiyo hutokana na mwendo wa jenereta zenyewe: jenereta zikienda pole, hezi hupungua. Umeme wa gridi hautiwi ghalani. Unaozalishwa sasa hutumika sasa. Jua linapotua na maelfu ya nyumba kuwasha taa kwa pamoja, mzigo wa jenereta huongezeka ghafula. Kwa muda mfupi nguvu ya ziada hutoka katika mwendo wa magurudumu mazito yanayozunguka, nayo hupungua kasi. Hapo ndipo kidhibiti-mwendo cha kila mashine kinapoingia kazini. Hupima kasi, hukuta tofauti, na kufungua zaidi milango inayoingiza maji kwenye gurudumu.

Hiyo ni kanuni ya boya, na chombo chenyewe kina historia ndefu. Mwaka 1788 James Watt wa Uingereza aliifunga kwenye injini ya mvuke jozi ya matufe ya chuma yaliyozungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda kasi mno, matufe yalitawanyika nje na kupunguza mvuke. Vyombo vya namna hiyo vilipoenea, mafundi waliona kuwa baadhi huzitia injini mtikisiko usiokoma. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu ni katika hali gani kidhibiti hutulia na katika hali gani huyumba. Ni swali lile lile la mwendesha pampu.

Katika mitambo ya maji kuna tatizo la kuchelewa la aina yake. Maji yanayoshuka katika njia ndefu ya chini ya ardhi ni mazito, nayo hayaongezi mwendo mara moja. Milango inapofunguliwa ghafula, kanieneo mbele ya gurudumu hushuka kwanza, na kwa muda mfupi mashine hutoa nguvu pungufu badala ya nguvu zaidi. Kidhibiti kikali mno kingeona upungufu huo, kikafungua zaidi, na kuzidisha mambo. Kwa hiyo wahandisi hukipanga kiende kwa saburi.

5. Faida ya baki

Katika tangi baki lilikuwa kasoro. Katika gridi yenye mashine nyingi, baki lina faida.

Ichukuliwe kuwa kila kidhibiti kimepangwa hivi: hezi zikishuka kwa 0.5, mashine huongeza robo ya uwezo wake. Mashine ya Mtera ya megawati 40 itaongeza megawati 10. Mashine ya Kidatu ya megawati 51 itaongeza megawati 12.75. Kwa kuwa mashine zote zimeungwa katika gridi moja, zote huona hezi zile zile, na kila moja hubeba sehemu ya mzigo kwa kadiri ya uwezo wake, bila kupigiana simu.

Lakini kama kila mashine ingepewa kidhibiti kisichokubali tofauti hata ndogo, zingegombana. Hakuna vipimo viwili vinavyolingana kabisa. Mashine moja ingesoma hezi 49.99 na kuzidi kuongeza maji. Nyingine ingesoma 50.01 na kuzidi kupunguza. Mwishowe moja ingebeba mzigo wote na nyingine isibebe chochote. Ndiyo maana vidhibiti vya mashine huachiwa baki kidogo kwa makusudi, na kazi ya kulifuta baki hilo hufanywa baadaye na kwa polepole, kwa maelekezo ya kituo kinachoongoza gridi nzima.

6. Vitendo vitatu

Kufuta baki kunahitaji kidhibiti chenye kumbukumbu. Badala ya kutazama tofauti ya sasa peke yake, hukusanya tofauti zote zilizopita. Maadamu tofauti bado ipo, hata iwe ndogo, jumla huzidi kukua na kitendo huzidi kuongezeka, mpaka tofauti iwe sifuri. Kwa upande mwingine, kidhibiti huweza kupewa kitendo cha kutazama mwelekeo: tofauti inapungua upesi kiasi gani? Ikiwa inapungua upesi sana, hupunguza nguvu kabla ya kulipita lengo, kama dereva aanzaye kukanyaga breki kabla ya kufika kituoni.

Hivyo vipo vitendo vitatu: cha sasa, ambacho ni uwiano wa tofauti, cha yaliyopita, ambacho ni mkusanyo wa tofauti, na cha yajayo, ambacho ni kasi ya badiliko la tofauti. Wanafunzi waliokwisha kusoma hisabati ya juu watatambua kuwa cha pili ni jumlisho la tofauti kwa wakati na cha tatu ni kasi yake ya mabadiliko. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky alivieleza vitendo hivyo kwa hesabu alipochunguza uendeshaji wa meli. Kidhibiti chenye vitendo vyote vitatu hujulikana duniani kwa herufi PID, na ni miongoni mwa vinavyotumika zaidi viwandani.

7. Mpaka wa kidhibiti

Kila kitendo cha kidhibiti kina mwisho wake. Vali ikiisha kufunguka yote, haiwezi kufunguka zaidi. Ndipo linapokuja jambo ambalo kidhibiti hakiwezi kulifanya: hakiwezi kutoa kisichokuwamo katika akiba.

Bwawa la Mtera hufanya kazi kati ya kimo cha mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Maji yakikaribia kimo cha chini, kidhibiti-mwendo kiwe hodari namna gani hakina la kufanya. Mwaka 1992 na mwaka 1994 nchi iliingia katika mgao wa umeme kwa sababu ya uhaba wa maji katika mabwawa, na mwaka 2006 hali hiyo ilijirudia. Aidha, kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu, uliozoeleka kutiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita hifadhi ya Ruaha, juu ya Mtera. Sababu iliyotajwa sana na watafiti ni kuongezeka kwa matumizi ya maji katika bonde la Usangu.

Hivyo pale Mtera kuna maduara mawili. La kwanza ni la sekunde: kasi ya mashine na milango ya maji. Hilo hutawaliwa na chombo. La pili ni la misimu: kimo cha bwawa, na uamuzi wa kiasi gani kitumike wiki hii na kiasi gani kibaki. Hilo hutawaliwa na watu. Hata hivyo sheria zake ni zile zile. Ucheleweshaji wake ni wa miezi, kwani upungufu unaoonekana Novemba unatokana na maamuzi na mvua za miezi mingi iliyopita. Anayengoja kimo kishuke ndipo apunguze matumizi anafanana na yule mwendesha pampu wa habari za jana.

Kwa duara lenye kuchelewa hivyo, mrejesho peke yake hautoshi. Hapana budi kuongeza taarifa tangulizi, yaani kupima sababu kabla matokeo yake hayajafika: mvua inayonyesha kwenye vyanzo, na maji yanayopita katika mito ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo kabla hayajaingia bwawani. Ndiyo sababu kipimo cha mvua katika uwanja wa shule, kikisomwa kila siku kwa uaminifu, ni sehemu ya udhibiti wa taifa.

Tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limeanza kuingiza umeme katika gridi, likiwa limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mzigo uliokuwa juu ya Mtera na Kidatu umepata wasaidizi wengi. Hata hivyo Ruaha Mkuu humwaga maji yake katika Rufiji. Tone lililookolewa Usangu huweza kuzungusha magurudumu ya Mtera, kisha ya Kidatu, na mwisho ya Rufiji.

8. Jaribio la darasani

Wanafunzi watwae ndoo ya lita 20, watoboe tundu dogo karibu na kitako, na waweke alama sentimita 15 juu ya tundu. Mwanafunzi mmoja, akiwa na jagi, amimine maji ili kina kibaki kwenye alama, wakati mwingine anapima kina kila baada ya sekunde 10. Maji yatokayo yakingwe katika beseni na yatumiwe tena.

Mara ya kwanza mwenye jagi aitazame ndoo mwenyewe. Mara ya pili afumbwe macho, na asomewe kina kilichopimwa sekunde 20 zilizopita. Matokeo ya mara zote mbili yachorwe katika grafu moja. Kisha mwenye jagi arudie mara ya tatu akiwa amefumbwa macho vile vile, ila amimine kidogo kidogo. Grafu tatu hizo zitaeleza sehemu ya 3 ya makala haya.

Maswali

1. Katika tangi la sehemu ya 2, kila sentimita ya tofauti ikiingiza lita 4 kwa dakika na matumizi yakiwa lita 12 kwa dakika, maji yatatulia kwenye kina gani?

2. Mwendesha pampu wa sehemu ya 3, mwenye kupata habari zilizochelewa kwa saa moja, anarekebisha mara moja na nusu ya tofauti anayoarifiwa. Tafuta kina cha maji kwa saa nne za kwanza. Je, mfumo utatulia?

3. Hezi za gridi zikishuka kwa 0.2, mashine mbili za Mtera zitaongeza megawati ngapi kwa pamoja, ikiwa zimepangwa kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 5 na zilikuwa bado na nafasi ya kuongeza?

4. Eleza kwa nini kidhibiti chenye kumbukumbu, kikiachwa kikusanye tofauti wakati vali imekwisha kufunguka yote, kinaweza kuleta mafuriko maji yanaporudi.

Majibu: (1) Sentimita 97. (2) Sentimita 110, 140, 125 na 65. Hautatulia, bali mayumbo yake yatazidi kukua. (3) Megawati 8. (4) Jumla huzidi kukua ijapokuwa vali haiwezi kuongeza kitu. Maji yanaporudi na kufika penye lengo, jumla hiyo kubwa bado inaishikilia vali wazi, mpaka ipunguzwe na tofauti za upande wa pili. Kwa muda huo tangi hufurika.